Mwenye Ufunguo wa Ghala

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa paa la jikoni limeanza kuvuja palepale ulipolisifia. Tangu uondoke baada ya mazishi ya mama, nyumba imekuwa na vyumba vingi kuliko watu. Nguo zake bado ziko kabatini. Kila Jumapili nasema leo nazitoa, na kila Jumapili nakumbuka nina kazi hospitalini. Mdogo wangu amepata uhamisho, anaondoka na mkewe mwezi huu. Ameniachia paa.

Najua hupendi mambo ya kazi kwenye barua. Ulishasema barua pepe ni za kulalamikiwa na watu usiowajua, na kwamba damu yako ikuandikie kwa kalamu. Lakini barua pepe zangu zote umezinyamazia, kwa hiyo nimekuja kwa mlango wa mbele.

Ni kuhusu Ghala, ile programu ya kutunzia data unayoifungasha. Seva yetu hapa hospitalini inaendesha toleo la zamani, na Linux, mfumo endeshi ulio chini yake, mwezi wa sita inaachwa: hakuna tena viraka vya usalama, hakuna wa kuiangalia. Linux mpya inafunga milango mwishoni mwa Aprili. Programu ambayo haijafungashwa kufikia hapo inabaki nje, na Ghala jipya halijafungashwa. Nimeangalia ukurasa wa kifurushi. Pale panapoandikwa msimamizi pana jina lako peke yake, kama miaka yote. Chini yake watu wanauliza, nawe hujibu.

Mjomba, humo ndani mna majibu ya maabara ya kila mgonjwa wetu, na nani hapaswi kuchomwa dawa gani. Jana sista wa wodi alikuja kwenye chumba cha mashine akasimama mlangoni, maana ndani hapaingii watu wawili.

"Wewe mtu wa waya," akasema, "hilo ghala lenu likifa, mimi nitajuaje nani achomwe nini? Nimwangalie usoni?"

Nikamwambia mjomba wangu ndiye mwenye kazi hiyo. Akasema basi salama. Usinitie aibu.

Mpwa wako,
Mkaguzi

1 Machi

Mpwa wangu Mkaguzi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na pembe moja imelowa, nikajua imetoka nyumba yenye lile paa. Mimi mzima. Magoti yana maneno mengi lakini nimeacha kuyasikiliza. Fundi cherehani wa chini bado anashona kwa ile mashine yake yenye hasira, jengo zima tunatetemeka kwa ajili ya pindo la sketi. Siku hizi yeye ndiye anayenipelekea barua posta. Juzi nilikwenda mwenyewe nikajikuta sokoni, na nilikuwa nimeshanunua ndoo. Basi sasa nina ndoo.

Kuhusu Ghala, tulia. Watu wanadhani kufungasha programu ni kuitia kwenye boksi na kufunga kamba. Aliyeiandika ameiandika kwa ajili ya mashine yake, mezani kwake. Ikiwaka, yeye kamaliza. Mimi ndiye ninayebaki kujiuliza itakaa folda gani, itawashwa na nani, itakuta nini cha zamani, na yule mtu wa hospitali fulani mwenye haraka, atakayebonyeza "endelea" bila kusoma, nimwokoe vipi na kidole chake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyeniomba cheti.

Safari hii ina ugumu wake. Ghala jipya halisomi kabisa data ya zamani. Kwa hiyo kifurushi kinapowekwa lazima kifanye mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza programu ya zamani imimine kila kitu kwenye faili moja kubwa. Pili folda ya zamani isafishwe, maana diski zenu za hospitali ni ndogo kama subira ya sista wako. Tatu programu mpya ipakie kutoka kwenye ile faili. Kumimina, kusafisha, kupakia. Niko kwenye kumimina.

Barua pepe zako sikuzinyamazia. Nilizijibu kichwani, tena vizuri.

Msalimie mama yako. Mwambie nasaha zake za magoti nimezipata, lakini hayo mazoezi ya kuchuchumaa achuchumae yeye kwanza nimwone atakavyoinuka. Na mbona haandiki siku hizi? Kama amenuna kwa lile neno nililosema kuhusu paa, mwambie nimelifuta.

Mjomba wako

24 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena. Mdogo wangu amefika salama huko alikohamia, anasema nyumba ni ndogo na mwenye nyumba ni mkubwa. Paa nimeliwekea karatasi ya nailoni. Ulinzi wake ni hafifu lakini inapigapiga usiku kucha kama vile inafanya kazi.

Mama hakununa. Hana neno na wewe.

Nimefurahi kusikia uko kwenye kumimina. Nilikuwa nafikiri, na usinikasirikie. Kifurushi kikubwa hivi kina msimamizi mmoja. Vingine vyote vya aina yake nimeona vina watatu, wanne: mmoja anaandika, mwingine anasoma kabla hakijatiwa saini. Kwa nini usiniandikishe mimi niwe wa pili? Wewe utabaki na ufunguo wa kutia saini. Mimi nitasoma tu. Si ndiwe uliyeniita Mkaguzi kwa sababu nilifungua redio yako nikabaki na parafujo mkononi? Sasa kuna kazi inayotaka watu wa namna hiyo.

Au nije. Naomba ruhusa wiki moja, nije nikae kwako, tufanye pamoja. Naweza kulala pale sebuleni.

Sista ananiuliza kila siku. Ameanza kuniita "Karibuni", kwa sababu ndilo jibu ninalompa.

Fundi cherehani mpe salamu zangu. Kama anayo namba ya simu, niandikie.

Mpwa wako

19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Jana fundi cherehani alipanda ngazi na sahani imefunikwa.

"Mzee," akasema, "umeacha jiko linawaka tangu asubuhi, harufu inanifikia chini."

Nikamwambia, "Nilitaka kujua kama una pua."

Akacheka, akazima jiko. Mtu mwema, ila miguu yake inasikika mpaka kwa mwenye jengo.

Wazo lako la kuwa wa pili nimelisikia na nimelikataa. Si kwa ubaya. Kifurushi kikishikwa na watu wawili, kila mmoja anaamini mwenzake amesoma. Nimeona vifurushi vya namna hiyo. Vina majina mengi na mwenyewe hayupo. Ghala nimelishika peke yangu tangu wewe uko shule, na hakuna seva iliyowahi kupoteza hata herufi. Watu huko kwenye orodha ya barua pepe ya watumiaji wananiita Mzee wa Ghala. Jina hilo sikulinunua.

Na usije. Sebule imejaa masanduku ya mashine.

Jana fundi cherehani alipanda na sahani. "Mzee, umeacha jiko linawaka tangu asubuhi, harufu inanifikia chini." Nikamwambia nilitaka kujua kama ana pua. Akacheka sana.

Habari ndiyo hii: nimemaliza. Nimekitia saini asubuhi. Neno langu la siri ni refu kama ukoo wetu, na nikiulizwa kwa mdomo siwezi kulitaja, lakini vidole vinalijua. Nikiviweka kwenye vitufe vinakwenda vyenyewe, mimi naangalia dirishani. Kwa hiyo kabla milango haijafungwa Ghala litakuwa ndani, na huyo sista ataacha kukusumbua.

Mwambie mama yako nimemaliza. Alikuwa na wasiwasi.

Mjomba wako

8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sitaanza na paa.

Kifurushi kilipotoka nilikiweka kwanza kwenye mashine ya akiba, niliyoinakilia data yetu, kama ulivyonifundisha. Kiliingia vizuri. Hakuna neno jekundu hata moja. Ghala likawaka. Nikaliuliza lina wagonjwa wangapi, likasema hakuna.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikarudia upya, likajibu vilevile. Ndipo nikafungua skripti yako, ile mistari ya amri inayofuatwa na kifurushi.

Umemimina, ukasafisha. Halafu umemimina tena, ukasafisha tena. Mistari ileile neno kwa neno, na maelezo yaleyale pembeni, mpaka ule mzaha wako kuhusu diski ndogo umeandikwa mara mbili. Kumimina kwa mara ya pili kulikuta folda imeshasafishwa, kukamimina utupu juu ya faili ileile iliyokuwa na kila kitu. Kisha Ghala jipya likapakia huo utupu. Uliweka ukaguzi, nimeuona. Unauliza kama faili ipo. Ilikuwepo.

Nimeripoti na kifurushi kimeondolewa siku hiyohiyo. Lakini kuna zahanati, sijui hata iko nchi gani, walikuwa wameshakiweka kwenye seva yenyewe. Waliandika kwenye orodha: "Ni kifurushi cha Mzee wa Ghala, hatukuona haja ya kujaribu kwanza." Nakala yao ya akiba ni ya miezi mingi nyuma. Yote ya katikati yamekwenda.

Mjomba, ulikaa mezani ukaandika, ukainuka, ukarudi, ukaandika tena ukidhani hujaandika. Barua yako ya mwisho ina habari ya fundi cherehani na jiko, halafu ina habari ya fundi cherehani na jiko. Soma nakala kama unayo.

Nakuomba mambo mawili. Nenda kwa daktari, fundi atakusindikiza. Na waandikie watunza funguo, wale wa Linux wanaoamua saini ya nani ikubaliwe, kwa mkono wako, uwaambie unapumzika. Ukiwaandikia wewe, utaondoka kwa heshima zote. Naogopa ikifika siku ya kuandika mtu mwingine.

Mpwa wako

2 Juni

Kwako Mkaguzi,

Barua yako nimeipata. Afya njema, hali ya hewa njema, jirani mwema.

Sikumbuki kuandika mistari ile mara mbili, kwa hiyo sikuiandika mara mbili. Mtu ameigusa. Huko kwenye orodha wapo vijana wanaotaka Ghala tangu zamani, wanaona jina langu pale juu wanawashwa. Sikutegemea ungekuwa pamoja nao. Mimi ndiye niliyekupa kompyuta ya kwanza, ile iliyokuwa ikiwaka ukiipiga ubavuni. Leo unanikagua barua zangu kama mwalimu wa darasa la pili.

Daktari nilikwenda. Kijana mdogo, aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia kama yeye hajui, mimi nimemlipia nini. Akaandika kitu. Fundi cherehani ndiye aliyechukua karatasi, sijui aliiweka wapi na sijauliza.

Watunza funguo siwaandikii. Niwaambie nini? Nikiamka asubuhi kuna kitu kimoja kinachonisubiri mezani, na kikisubiri najua nianzie wapi. Wewe una hospitali, una sista, una paa. Usinichekeshe na neno kupumzika.

Nimetengeneza toleo jingine. Liko tayari. Nikitulia mwishoni mwa mwezi huu nalitia saini.

Na mama yako nitamwandikia mwenyewe, nimweleze namna unavyonitendea. Ataniunga mkono. Siku zote huniunga mkono, ila kwa kelele.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimewaandikia watunza funguo. Nimewaambia unaumwa, unasahau, na kwamba una toleo jingine unataka kulitia saini. Ufunguo wako umeondolewa kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa. Chochote utakachokitia saini kuanzia sasa kitakataliwa mlangoni. Nimefanya mimi, si vijana wa orodha. Jina langu liko chini ya ombi.

Ile zahanati waliandika tena. Walikuwa na mgonjwa, mwanamume wa makamo, dereva wa lori, aliyekuwa na onyo kwenye Ghala kuhusu sindano fulani. Onyo lilipotea pamoja na mengine. Walimchoma. Alikufa kabla ya jioni. Hawakulaumu mtu, waliuliza tu kama kuna njia yoyote ya kuirudisha ile faili. Nilikaa nayo siku mbili kuwatafutia njia. Haikuwepo.

Ulipomsalimia mama mwezi wa tatu, nilijua. Nilijua nikiwa bado nimeshika bahasha. Nikaandika kwamba mama hana neno na wewe, kwa sababu nilikuonea haya, na kwa sababu kwa dakika moja ilikuwa raha kumsikia akisalimiwa. Ningewaandikia wale watu siku ile, kifurushi kile kisingetoka.

Mama alifariki, Mjomba. Ulikuwepo. Ulishika upande wa kichwa tulipombeba, ukakataa kupokewa mpaka mwisho. Naogopa utaisoma habari hii kama mpya, na ukiisoma kesho itakuwa mpya tena. Nimemwandikia fundi cherehani bahasha yake, nikamwomba akusomee barua hii yeye, akae nawe, halafu aichukue.

Mimi nimekuwa msimamizi wa Ghala kwa sasa. Sikuomba, walinipa kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, na kwa Ghala peke yake wamekubali kuufungua mlango tena. Seva yetu bado ipo kwenye toleo la zamani, nimeitenga na mtandao wa nje. Sista sasa anakuja na daftari lake kuchukua majibu kwa mkono. Haniiti tena Karibuni, haniiti kitu.

Nitakuja mwezi ujao kama ruhusa itatoka.

Mpwa wako

28 Septemba

Kwa Msimamizi wa Ghala

Ndugu,

Hatujuani. Mimi ni mtu niliyewahi kushughulika na kifurushi hicho zamani kidogo, kabla yako. Siku hizi situmii mashine, zimechukuliwa kutengenezwa. Jirani yangu wa chini, ambaye ni fundi cherehani na msomaji mbaya sana, amenisomea kwenye simu yake maelezo ya toleo lako jipya. Alikuwa anasoma koma na nukta pia, lakini nimeelewa.

Umefanya vizuri. Folda ya zamani huisafishi, unaiweka kando mpaka mwenye seva mwenyewe aseme sasa futa. Na huulizi faili ipo au haipo, unahesabu yaliyomo huku na huku ndipo unaendelea. Mimi nilikuwa nasafisha moja kwa moja. Nilikuwa nawahurumia watu wenye diski ndogo. Pengine ni kiburi pia.

Kuna makosa mawili madogo kwenye maelezo yako, lakini nimeyasahau. Ukiyaona ujue ndiyo hayo.

Ninalokuandikia ni hili. Nimeona pale panapoandikwa msimamizi pana jina moja tu. Huyo mtu ni wewe, sikujui, labda hodari. Lakini tafuta wenzako. Mimi nilikataa kupewa mwenzangu, nikatoa sababu nzuri sana, sasa sizikumbuki. Mtu akiwa peke yake akainuka kwenye kiti, hakuna wa kumwambia alifika wapi.

Nina mpwa wangu wa kike anayeweza kukufaa. Anafanya kazi hospitalini, chumba cha mashine. Utotoni alinivunjia redio. Alikuwa na miaka michache tu, akaja kuniambia yeye mwenyewe, na parafujo mkononi, kabla sijaona. Mwite huyo. Akiona kosa lako atakuambia, hata ikimuuma. Usimwambie ni mimi niliyemtaja, ataona napendelea.

Sijapata barua yake siku nyingi. Nadhani ana hasira nami na sikumbuki kwa nini. Ukionana naye, muulize.

Mtumiaji wa zamani

*(Kwa mkono mwingine, chini:)*

Dada, ni mimi wa cherehani. Barua zako zote zimefika, nazisoma nilivyokuahidi. Ameniagiza hii niipeleke kwa mwenye Ghala, sikujua anwani nyingine nikaweka yako. Kula anakula. Ile wiki uliyokuja Julai, bado anasema alitembelewa na mtu wa serikali, mpole.

17 Oktoba

Mzee, shikamoo.

Barua yako imenifikia, nami nakushukuru. Yale makosa mawili nimeyatafuta. Nimeona moja, nimelirekebisha. La pili nalitafuta bado.

Ushauri wako kuhusu wenzangu nimeufuata. Tuko watatu. Mmoja ni kutoka ile zahanati iliyopoteza data yake, aliomba mwenyewe. Hakuna kinachotiwa saini mpaka mwingine amekisoma, na tumekubaliana anayeinuka kwenye kiti anawaandikia wenzake ameishia wapi. Hospitali moja ninayoijua imeshahamia kwenye toleo hili. Sista wa wodi alihesabu maonyo yake ya sindano mwenyewe kwenye daftari kabla na baada, hakumwamini mtu. Yalitimia.

Mpwa wako tumempata. Anafanya kazi nasi, si mbaya. Ni kweli akiona kosa anasema, ingawa kuna wakati huchelewa.

Nimemuuliza kama ana hasira nawe. Amesema hana.

Msimamizi wa Ghala